Mamkwe Alale kwa Nani?

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye simu aizime. Hadithi hii mwishoni itawataka ninyi, na sitaki mtu aje aniambie hakusikia vizuri.

Katika mji mdogo wa Kwemtindi palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mhando, fundi baiskeli, alijaliwa sikio. Ukimpitia barabarani alikwambia spoku ipi imelegea kabla hujashuka. Mashavu, muuza mboga, alijaliwa ulimi. Alimtania aliyefiwa mpaka akacheka, na akishacheka hamnyimi kitu. Sikitu, mpishi wa shughuli, alijaliwa mkono. Moto ulimtii, na alichokishika hakikuharibika. Palikuwa na wa nne pia, Hidaya, fundi cherehani, ambaye hakujaliwa kitu ila wasiwasi. Huyo ndiye tutakayemfuata.

Hidaya alikuwa katibu wa Chama cha Mila na Ngoma. Watu wa mjini walikiita Chama cha Bure, kwa sababu hakuna aliyewahi kulipwa humo hata nauli. Ukitaka kucheza, njoo na miguu yako. Ukitaka kuimba, njoo na koo lako, na kikombe cha chai uje nacho pia. Hata hivyo kilikuwa kimedumu. Kila Jumamosi wanachama waliwafundisha watoto nyimbo za mavuno na michezo ya zamani ndani ya ghala kuukuu la katani, ambalo halmashauri ya mji iliwaazima.

Roho ya chama ilikuwa ngoma moja kubwa iliyochongwa na ukoo wa akina Semdoe, ng'ambo ya mto. Jina lake Mamkwe, kwa sababu akisema yeye, nyumba nzima hunyamaza. Tamasha la mwaka halifunguliwi mpaka Mamkwe alie kwanza. Wala halali ghalani. Hulala kwenye nyumba ya mtu mmoja, naye mtu huyo huitwa Mkwe. Mkwe ndiye humpiga mara ya kwanza siku ya tamasha, na siku Mkwe anapofariki, Mamkwe hupelekwa mlangoni pake akamlilie. Pale Kwemtindi watu wengi huzikwa kimya, kwa hiyo kuliliwa na Mamkwe si jambo dogo.

Akina Semdoe walipoitoa ngoma kwa chama waliweka masharti mawili. Mamkwe asilale nje hata siku moja, na asilale nyumbani kwa mtani wao. "Mtani hana mpaka," walisema. "Leo mtampa, kesho atatuuzia sisi wenyewe."

Sasa, mwaka huo Mkwe alikuwa mwenyekiti, Mzee Kaniki. Mtendaji wa kata akaleta habari kwamba Jumamosi ya tamasha atakuja mgeni kutoka halmashauri. Akikuta chama kiko hai, ghala litabaki lao. Asipokuta, litapewa mfanyabiashara wa saruji. Kikaitwa kikao. Wakakubaliana kufagia na kupiga chokaa, kisha Mzee Kaniki akasema, "Na Mamkwe naye apambwe. Hatuwezi kumtolea mgeni bibi aliyepauka. Tumpake vanishi." Mikono yote ikanyooshwa, wa Hidaya ukiwemo. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika na wengi wamo.

Wakampaka mzinga, yaani mti wenyewe, wakampaka na ngozi, mara mbili, kwa mapenzi.

Alhamisi asubuhi Hidaya alifika kwa mwenyekiti kumpima kanzu ya tamasha. Mzee akamwambia, "Hebu kwanza umsikie bibi yako alivyopendeza." Akapiga. Ikatoka sauti ya ndoo iliyojaa uji. Akapiga tena, kwa nguvu, na uji ukawa mzito zaidi. Mzee Kaniki akakaa kwenye kigoda, mkono kichwani.

"Hidaya mwanangu, nimemuua Mamkwe."

"Hajafa, baba," alisema Hidaya, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika. Aliiona Jumamosi mbele yake: mgeni amekaa, watoto wamejipanga, Mamkwe anakoroma, na lori la saruji linarudi kinyumenyume kwenye mlango wa ghala. Hakungoja hata kuikunja tepu yake. Alikimbia nayo shingoni hadi kwa Mhando.

Mhando alikuwa na banda lake chini ya upenu wa mashine ya kusaga ya Bwana Shemhilu. Wakamletea Mamkwe. Akagonga ngozi kwa kidole, akatikisa kichwa. Akagonga mzinga, akainama, akaziba sikio moja.

"Ngozi imekwisha, hiyo haiponi," alisema. "Lakini ngozi si ugonjwa peke yake. Humu kwenye mti kuna mahali panameza sauti. Nikipata kimya nitapaona."

Kimya atakipata wapi? Ilikuwa siku ya gulio, mashine inanguruma, akina mama wamepanga foleni na mahindi yao. Hidaya alimwendea Bwana Shemhilu, akambembeleza kwa adabu zote, akajibiwa kwamba unga hauna likizo. Basi Mhando akanyanyuka, mikono imejaa grisi, akaingia ndani.

"Mhando," alisema Bwana Shemhilu, "ukigusa mashine yangu, leo hii uhamishe spana zako kutoka upenu wangu."

"Nitahamisha," Mhando akasema, akaizima.

Soko lote likanyamaza, maana watu walidhani kuna aliyekufa. Mhando akazunguka mzinga akigonga, akisikiliza, akigonga. Karibu na kitako akasimama. Akaomba sindano ya Hidaya, akachokoa, na ungaunga mwembamba ukamwagika chini. Mdudu wa mbao alikuwa amejichimbia nyumba humo. Wangewamba ngozi mpya juu ya mti ule, ungepasuka kwa pigo la kwanza, mbele ya mgeni. Mhando akasafisha tundu, akaliziba kwa nta ya nyuki. Adhuhuri spana zake zilikuwa ndani ya gunia, na yeye amekaa juu ya gunia hilo, hana pa kufanyia kazi.

Hidaya alitaka kumwambia pole. Lakini ngozi ilikuwa bado haijapatikana, na wasiwasi una tabia mbaya: hukufanya umpite aliyeumia bila kumtazama. Bucha zote zilimjibu jibu moja, ngozi ziliondoka jana na lori. Ndipo Mashavu, aliyekuwa akifunga matembele yake sokoni, alipomwita.

"We Hidaya, unazunguka bucha za nini? Leo si arobaini kwa akina Semdoe? Wamechinja beberu. Na mimi ni mtani wao. Twende."

Hidaya alizidi kuogopa. Akina Semdoe ndio wachongaji wenyewe. Wakijua Mamkwe amepakwa vanishi, si watamdai arudi? Njia nzima alimsihi Mashavu asitaje jina la ngoma, na Mashavu njia nzima alikuwa akitafuna muwa.

Walikuta ngozi imetandazwa uani, mbichi, na imeshaahidiwa mume wa binti wa nyumba ile aifanye msala. Mashavu hakupiga hata hodi. Aliangua kilio kutoka uchochoroni, akapita katikati ya wazee, akajilaza juu ya ngozi na kujifunika kanga gubigubi.

"Marehemu ni mimi," alisema kutoka ndani ya kanga. "Nizikeni na ngozi yangu. Ndugu yenu aliniahidi, ninyi kwa uchoyo wenu mkamwahisha."

Waliofiwa hawaruhusiwi kumkasirikia mtani. Wakamletea sinia la pilau wamkomboe, akalila pale pale akiwa amelala. Wakamletea soda, akainywa. Kutoka hakutoka. Mwishowe shangazi mmoja wa nyumba ile akainama na kumuuliza, "Hebu sema kweli, Mashavu, ngozi ya nini?"

"Ya kumfunika Mamkwe," Mashavu akasema. "Chama cha Bure wamempaka mafuta bibi yenu kama bi harusi, mpaka kanyamaza kwa aibu. Mnamwacha bibi uchi mbele ya mgeni wa halmashauri, na mnajiita ukoo?"

Alisema kweli tupu, na kwa vile aliisema yeye, ilikuwa mzaha. Watu wakacheka. Mjane, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba uingie, aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika, kisha akafuta macho. "Mpeni," alisema. "Ila, mtani, kesho tunakuja kwako, na sisi tutachukua tutakachokiona."

"Njooni," alisema Mashavu. "Mtakuta panya."

Ijumaa asubuhi walikuja, wakachukua mbuzi wake wa maziwa, yule mmoja. Mashavu aliwasindikiza hadi mtoni akiwatania, na wao wakimtania. Hidaya alikuwa amefika kumshukuru, akamwona anarudi peke yake, anakaa karibu na kigingi kitupu, haongei. Ulimi ule haukuwa umezoea kukaa bure.

Ngozi na mzinga vikapelekwa kwa Sikitu asubuhi hiyo hiyo. Huyu alikuwa amehamia Kwemtindi mwaka huo huo na mumewe, anayefanya kazi na watengeneza barabara. Uanachama hakuwa nao. Alikuwa akifika ghalani Jumamosi kuwapikia watoto uji, basi. Lakini kwao walikuwa wawambaji wa ngoma, na mikono yake haikusahau. Aliisugua ngozi kwa majivu, akaikwangua manyoya, akaivuta juu ya mzinga, akapigilia vigingi. "Jua la leo na la kesho asubuhi," alisema, "na Mamkwe atasema."

Adhuhuri ikaanza kunyesha.

Haikuwa mvua ya kupita. Ilishuka moja kwa moja, ikakaa kitako. Sikitu alimwingiza Mamkwe jikoni kwake, na humo jikoni mlikuwa na masufuria ya harusi. Alikuwa amepokea kazi ya kupika karamu ya jioni ile, kazi yake kubwa ya kwanza tangu ahamie. Ngozi mbichi inataka joto kavu, la pole, la vifuu vya nazi. Mvuke wa wali ungeilainisha ikalegea kama chapati. Moto wa harusi na moto wa Mamkwe haikai jiko moja.

Sikitu aliyatazama masufuria kwa muda. Kisha akachota maji akazima mafiga yote, akawasha vifuu.

Watu wa harusi walikuja wakakuta masufuria ya baridi. Walibeba mchele wao, na kila mlango waliopita walilitaja jina la Sikitu, si kwa wema. Yeye hakutoka. Alikuwa akimgeuza Mamkwe taratibu, kiganja chake kimoja kati ya moto na ngozi, kipimo chake kikiwa ni huo mkono: ukianza kuungua, ngozi nayo inaungua. Hidaya alikuwa amekaa kizingitini, mvua mgongoni.

"Inakauka?"

"Inakauka, dada."

"Sasa je?"

"Dada Hidaya, ukiniuliza tena nitakuanika na wewe."

Jumamosi kulipokucha viganja vya Sikitu vilikuwa na malengelenge, na ngozi ilikuwa imekaza.

Mgeni alikuja, akakaa. Watoto walijipanga. Mzee Kaniki alimkaribia Mamkwe ndani ya kanzu mpya, na Hidaya, aliyejificha nyuma ya mlango, alilikamata pindo la kanga yake kwa meno. Mzee akapiga. Ikatoka sauti nzito, pana, iliyoingia kifuani kwa kila mtu na kukaa humo. Mamkwe alikuwa amesema. Ngoma ndogo zikamwitikia, watoto wakatimua vumbi, akina mama wakapiga vigelegele, na mgeni mwenyewe akavua koti. Alipoondoka alisema ghala ni lao.

Ingekuwa hadithi ya kawaida ningewatakia usiku mwema hapo.

Mzee Kaniki akasimama katikati ya uwanja. "Mkono uliompaka Mamkwe vanishi haustahili kumlaza tena," alisema. "Kuanzia leo Mkwe ni yule aliyemrudishia sauti. Mimi simjui ni nani. Katibu alikuwa nao wote, yeye anajua. Kabla jua halijazama, ambebe Mamkwe, ampeleke mlangoni pa mwenyewe."

Na desturi yao ni hiyo. Anayechagua hasemi neno wala hatoi sababu. Huinua ngoma, hutembea, na mlango anaosimama ndio jibu.

Minong'ono ikaanza kabla Hidaya hajainama. Huyu anasema bila sikio la Mhando mzinga ungepasuka. Yule anasema bila ulimi wa Mashavu mngewamba nini, gunia? Mwingine anasema bila mkono wa Sikitu mngekuwa na mti mzuri na ngozi iliyooza. Wote walisema kweli, na ndiyo sababu hawakusikilizana.

"Mimi sina mke wala mtoto," alisema Mhando, sauti ya chini. "Siku yangu ikifika, sina wa kunililia ila huyu."

"Na sikio hilo lilikuwa wapi siku ya vanishi?" aliuliza Sikitu. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. "Si ulikuwa kikaoni?"

"Nilikuwepo," alisema Mhando. "Nilijua itakufa sauti. Nilimwonea haya mwenyekiti, nikanyoosha mkono kama wenzangu." Watu wakaguna. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini hapa nusura ulie mji mzima.

Mashavu, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, aliongea bila mzaha. "Mimi nawalilia maiti wa kila nyumba, kwa utani. Nani atanililia mimi kwa kweli?" Mzee wa akina Semdoe aliyekuja na ujumbe wake akakohoa, akakumbusha sharti: Mamkwe halali kwa mtani. Mashavu akamgeukia. "Ngozi mlimpa nani, babu, kama si mtani?" Mzee alisema tu kwamba mila ni mila, na kwamba ngozi nayo ni kweli walimpa mtani.

"Kila mji tunaopita, mimi ni mke wa mtu wa barabara," alisema Sikitu. "Hapa ndipo nilipoitwa kwa jina langu. Lakini sitawadanganya. Barabara ikiisha tutahama, na sijui wapi. Mkinipa Mamkwe, nitamtunza kuliko macho yangu. Kama ataishi Kwemtindi, hilo siwezi kuliapia." Viganja vyake alikuwa amevificha ndani ya kanga.

Hidaya akainua ngoma, akaitwisha kichwani. Alijua vizuri anachokibeba. Mji wa jirani ulikuwa na chama kama chao, kikafa kwa ugomvi wa nani akae na sufuria la pilau. Hiki hakikuwa sufuria. Atakayepewa atafurahi jioni moja. Wale wawili watakaopitwa watarudi, kila mmoja kwa hasara yake, awe wa gunia la spana, wa kigingi bila mbuzi, au wa jiko lisilo na mteja, na hakuna atakayewaambia kwa nini, maana desturi imemfunga yeye mdomo. Na chama chao ni cha bure. Mtu asiyelipwa hana cha kumrudisha Jumamosi ijayo ila moyo wake.

Akatembea. Umati ukamfuata kimya, na wale watatu wakiwa mbele ya umati. Alipita sokoni, akapita msikiti, akafika pale njia inapogawanyika: kulia kwa Mhando, kushoto kwa Mashavu, na mbele moja kwa moja, kambi ya barabara, kwa Sikitu. Hapo miguu ilimgomea. Shingo inamuuma, jua limegusa kilima, na Mamkwe halali nje. Nyuma yake hakuna anayepumua.

Nami namwacha hapo hapo, maana zaidi ya hapo sijui. Nimeisimulia kwa wazee, wakagombana. Nimeisimulia kwa watoto wa shule, wakagombana vibaya zaidi. Msiniambie ngoma ikatwe vipande vitatu, wala izunguke kwa zamu. Mamkwe ana nyumba moja. Na asemaye ni jambo rahisi, aje aipokee yeye kichwani pake, ageuke, awatazame wale watatu usoni kwanza.

Haya, Hidaya anawasubiri, na jua halimsubiri yeye. Ungekuwa wewe, ungeshika njia ipi?